Mwenye Kuwasha Moto wa Kwanza

Asifiwe Mungu, aliyempa binadamu moto, akampa na akili ya kuutenga moshi na joto. Kwa rehema zake nimefika uzee nikiwa na mapafu yanayoniruhusu bado kuimba kanisani. Ninyi vijana mnaoniuliza kwa nini nyumba za zamani hapa Nchelenge, kando ya ziwa, zina minara ya matofali juu ya paa, nitawaeleza, maana baadhi yake nilijenga mimi.

Nilianza kazi katika miaka ya hamsini, kwenye nyumba ya wageni wa Serikali. Nilikuwa mtu mzima, nimeoa, nimechoka na nyavu. Sebuleni mle palikuwa na meko yaliyojengwa ukutani, lakini moshi wake ulirudi ndani hata wageni wakawa wanakula barazani kwenye baridi. Bwana Disii, mkuu wa wilaya, akatuma watu ng'ambo ya ziwa, Kilwa ya Kongo, wamwajiri fundi wa dohani, yaani minara hiyo ya kutolea moshi. Alikuja na mtumbwi, mtu mfupi mwenye kofia ya kazi. Sisi wote tulimwita Kapita.

Siku ile ya kwanza hakujenga chochote. Aliketi juu ya ndoo akitazama moshi wa majiko ya akina mama kijijini. Mimi, niliyeajiriwa kubeba matofali, nikamwuliza tutaanza lini.

"Tumeisha kuanza," akasema. "Weye ulikuwa muvuvi, ndiyo? Basi niambie, upepo wa ziwa unageuka saa gani?"

Nikamwambia: asubuhi upepo hutoka nchi kavu, alasiri hurudi kutoka ziwani, na huo wa alasiri ndio wenye hasira.

"Ni weye nilikuwa natafuta," akasema, akaniwekea timazi mkononi. Timazi ni uzi wenye kipande cha risasi, wa kupimia kama ukuta umesimama wima. Tangu hapo sikubeba matofali tu.

Kapita alinifundisha kwamba dohani ina koo, yaani mwanya mwembamba juu ya meko unaovuta moshi kwa nguvu. Nyuma ya koo hujengwa rafu ndogo, ili upepo unaoshuka ujigonge hapo na kupanda tena. Kichwa cha dohani lazima kipite mgongo wa paa. Kikiwa chini, upepo unaoruka paa unaukandamiza moshi. Ndani tulipaka udongo wa kichuguu, ambao moto haupasui upesi. Na kila mwaka kabla ya baridi, dohani ifagiliwe, kwa maana masizi yakizidi hushika moto yenyewe.

Alikuwa na sharti moja kwa kila aliyemwajiri. Moto wa kwanza anawasha yeye, alasiri upepo ukiwa mkali, milango imefungwa, naye ameketi ndani. "Fundi anayekimbia moshi wake mwenyewe," alisema, "mufukuze." Tulijenga Puta, tukapanda Kawambwa kwenye baridi ya kweli, kwa Bwana Barabara, msimamizi wa barabara, aliyependa kusinzia miguu ikiwa karibu na makaa. Kote huko sikumwona akimpa mtu mwingine kibiriti. Bwana Disii mwenyewe aliomba, akakataliwa kwa adabu.

Kisha Padri Mkuu wa misioni akatuajiri tuweke meko katika chumba cha akina mama wanaojifungua, kwa sababu mwezi wa sita na wa saba watoto wachanga waliteseka kwa baridi. Tulimaliza, tukangoja udongo ukauke. Siku moja kabla ya kukabidhi kazi, mke wangu Elizabeti alijifungua humo kabla ya wakati wake. Mtoto wa kike, mdogo kama samaki wa kushikwa kwa mkono mmoja. Sista muuguzi alisema bila kuficha: asipopata joto usiku na mchana, hataishi.

Basi meko yale yakawa ya mwanangu. Lakini mama mkwe wangu, mjane mzee, alisimama mlangoni akazuia. Kwetu moto una heshima. Ukiguswa na mtu aliyelala na mwenzake asijitakase, mtoto mchanga anayeuota hukohoa na kudhoofika. Hivyo ndivyo wazee walivyoshika, na mama yule aliogopa kwa upendo. Nami sikuweza kumsihi, kwa maana mkwe hasemi na mama mkwe uso kwa uso mpaka aingizwe nyumbani kwao kwa sherehe, nami nilikuwa bado. Nilijificha nyuma ya matofali yaliyobaki, nikiomba Mungu.

Kapita akavua kofia. "Mama, ni mimi ninawasha. Ni desturi ya kazi yangu."

"Una wake wangapi huko ng'ambo?"

"Mumoja, mama. Na mumoja huyo ananitosha kwa kunipiga."

"Na jana ulilala wapi?"

"Hapa kazini, kwa shantie, pamoja na simenti."

Wanawake wakacheka. Mama mkwe hakucheka. "Simenti haiwezi kukutolea ushahidi," akasema. "Mwambieni na huyo anayejificha kwenye matofali: mjukuu wangu hataota moto wa wageni."

Sista akamtazama Kapita. Mtoto hakuwa na nguvu hata ya kulia.

"Mama," Kapita akauliza polepole, "mutu gani anaweza kushika moto huu?"

"Mzee asiyelala na mwanamume. Kama mimi."

Kapita akasogea karibu naye. Kisha akatoa kibiriti mfukoni, akakiweka kwenye viganja vyake viwili, akapiga goti, akampa. Sista akafunga milango. Upepo wa alasiri ulikuwa unagonga mabati. Mama mkwe akawasha nyasi, moshi ukasita kwenye koo, ukajikunja, kisha ukavutwa wote juu. Kapita alikuwa ameketi sakafuni pale pale, macho makavu.

Elizabeti akasogezwa karibu na mtoto kifuani. Baadaye mama mkwe akasema na ukuta, sauti yake ikinifikia nje: "Mwambieni mkwe wangu, moshi wake umepanda." Tangu siku ile yeye peke yake ndiye aliyechochea makaa yale, na mtoto akapata joto, akapata sauti, akanenepa.

Nilistaafu macho yalipokataa kuiona timazi. Mkiajiri fundi wa dohani, msimtazame vyombo vyake tu. Angalieni kama anauliza upepo, na kama anawauliza watakaokaa karibu na moto. Nimefanya kazi chini ya mabwana wengi, lakini ninapomshukuru Mungu kwa bwana mmoja, namtaja Kapita akiwa amepiga goti. Mwanangu yule sasa ni mjane, mwenye mvi. Baridi ikianza, akina mama wa misioni humwita awawashie moto wa kwanza.

Nawe uliyesoma, Mungu akulinde na baridi ya mwili na ya moyo, na sala zako zipande moja kwa moja, pasipo upepo wa kuzirudisha. Amina.