Kwenda Kipawa Bila Gia ya Nyuma

Safari hii sikuifanya kwa kupenda. Niliondoka nyumbani Madale Jumamosi ile kwa sababu gari langu lilikuwa limekataa kurudi nyuma, na kampuni iliyolitengeneza ilikuwa imeamua kutotengeneza tena gari la aina hiyo.

Nianze na gari lenyewe, kwa msiolijua. Ni gari dogo la familia, otomatiki, lenye mlango wa kuteleza ubavuni. Polio ilinishika nikiwa na miaka mitatu, huko Kasulu, ikaniachia magongo mawili ya kutembelea. Fundi mmoja wa Temeke, anaitwa Kobelo, alinitengenezea vyuma viwili vya mkono: kimoja nikikisukuma gari linafunga breki, kingine nikikivuta linakwenda. Alivipima kwenye gari la aina hiyo na kwenye jingine havikai. Kabla ya hapo nilifundisha miaka kumi na mmoja huku nikibebwa. Makonda wa daladala walinipandisha na kunishusha kama gunia la mkaa, na kila siku nilisema asante mpaka mdomo ukauka. Gari lilinipa kufika mahali bila kumshukuru mtu. Anayeona hilo ni jambo dogo, ana miguu.

Wiki mbili kabla ya safari, gia ya nyuma ilikufa. Kobelo alinusa oili ya giaboksi, akakunja uso. "Imeungua hii, ticha," akaniambia. "Leo rivasi, kesho na ya mbele inafuata. Tafuta giaboksi nyingine chapchap."

Nilipiga simu kwa wakala mmoja upande wa Msasani. Kijana wa mauzo, mwenye sauti tamu, akanieleza kwamba toleo hilo limefungwa, kampuni inahamia kwenye magari ya umeme, na spea zilizokuwa ghalani zimeisha. "Tukuandalie la umeme, mzee?" Nikamuuliza vyuma vyangu vitafungwa wapi. Akasema gari likitobolewa tu, dhamana imekufa. Nilikata simu kabla sijasema neno ambalo mwalimu hapaswi kulisema.

Sisi wenye gari hili tuna grupu letu kwenye simu. Huko ndiko nilikopewa namba ya Ami Saleh, muuza spea za mtumba wa Kipawa. Nilimpigia Ijumaa jioni.

"Ninayo moja tu," alisema. "Juzi nimechinja gari kama lako. Nakuwekea mpaka saa sita mchana kesho. Ikipita hapo nisilaumiwe."

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Furaha ilinizidi, nikaingia kwenye grupu nikaandika: ndugu zangu, Mungu ni mwema, giaboksi nimeipata, kwa Ami Saleh wa Kipawa, asanteni wote. Yakamiminika makofi, pongezi na maua. Watu zaidi ya mia wanatafuta spea zilezile zisizokuwepo, na mimi nimewatajia duka. Nilikuwa nimemkabidhi fisi bucha.

Saa tatu asubuhi, Madale. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha kilima chetu, ikabidi nisubiri jua likaushe njia. Mke wangu, Eda, alisimama kwenye dirisha la gari.

"Si umtume mtu akaichukue?"

"Gari lenyewe si lazima lifike kwa Kobelo? Naipitia giaboksi Kipawa, naingia Temeke. Njia moja."

"Basi twende wote. Ukikwama nani atakusukuma?"

"Sitakwama," nikasema, kwa ukali ambao hakustahili.

Nilikuwa na masharti ya safari. La kwanza, nisisogelee gari la mbele nikakosa pa kukata kona. La pili, nisiingie mahali pasipo na pa kutokea. La tatu lilikuwa la Kobelo: kila nusu saa nizime injini robo saa, giaboksi ipoe. Kilima cha Madale nilikishuka nikiwa nimeshika pumzi. Kila gia ilipobadilika, gari lilishtuka na mimi nikashtuka nalo.

Saa nne na nusu, Mwenge. Nilikuwa nimeegesha pembeni nikisubiri gari lipoe, simu ikaita. Ami Saleh.

"Mwalimu, uko wapi? Kuna mtu hapa anaitaka giaboksi yako."

"Mtu gani?"

"Kasema katoka kwenye grupu lenu."

"Ami, uliniahidi."

"Na nimemwambia hivyohivyo. Saa sita bado. Lakini anasubiri, hatoki."

Robo saa ya kupoza ilikuwa haijatimia. Niliwasha gari nikaondoka.

Saa tano na dakika kumi, Tabata, Barabara ya Mandela. Lori la mchanga lilikuwa limekatika ekseli katikati ya njia. Magari yote yalianza kukata kulia na kupita. Mimi nilikuwa nimelikaribia mno. Pua ya gari ilikuwa karibu kuligusa lori ndipo nilipolikumbuka sharti la kwanza. Kukata kona nafasi haikutosha, na kurudi nyuma sikuweza. Nyuma yangu honi zikaanza. Niliitazama saa ya kwenye dashibodi mpaka macho yakauma: na ishirini, na ishirini na tano, na thelathini. Mtu wa Kipawa alikuwa anasubiri dakika zangu ziishe, nami nilikuwa nammalizia mwenyewe.

Mwishowe niliteremsha kioo nikawaita vijana wawili wa bodaboda.

"Wadogo zangu, nisukumeni nyuma kidogo. Rivasi haipo."

"We braza, shuka basi na wewe tusaidiane!" mmoja akanijibu kwa kicheko.

"Nashika usukani."

"Kitambi hicho kinataka mazoezi!"

Watu wakacheka. Magongo yalikuwa kiti cha nyuma. Ningeweza kuyaonyesha, utani ungekoma palepale. Sikuyaonyesha. Miaka yote nimeona afadhali niitwe mvivu kuliko nionewe huruma. Wakasukuma huku wakinitania, nikapata nafasi, nikapita. Saa ilikuwa sita kasoro dakika kumi na tano, na mbele yangu kulikuwa na Buguruni, Tazara na kipande chote cha Barabara ya Nyerere.

Njiani gari lilianza kunuka. Lilikuwa na harufu ya kitu kinachoungua polepole, na kila nikivuta chuma cha mafuta injini ilinguruma kwanza, kisha gari likakumbuka kwenda. Nilikuwa naliomba kwa sauti, kama mtu mwenye wazimu. Twende mama, twende, bado kidogo.

Saa sita na dakika kumi, Kipawa. Duka la Ami Saleh liko mwisho wa uchochoro mwembamba, uwanja umejaa milango, taa na mabamba ya magari yaliyochinjwa. Niliingia kichwa mbele nikijua kabisa kwamba nimevunja sharti la pili. Giaboksi ilikuwa juu ya gunia, mlangoni. Pembeni yake, kwenye tairi kuukuu, alikaa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kajitanda mtandio wa kijani, unga wa ngano umemkaukia kwenye kucha.

"Shikamoo, Ami," nikasema kupitia dirishani.

"Marahaba, mwalimu. Umechelewa." Ami Saleh ni mzee mwembamba, na kofia yake nyeupe haikuwa na doa hata moja la oili.

"Dakika kumi tu, Ami."

"Kumi si kuchelewa?"

Yule mwanamke akainuka. "Mie Zuhura, wa kwenye grupu. Ndo niliyekutumia maua jana."

Yeye akaendelea, bila kupandisha sauti.

"Ticha, sikuja kukuibia. Mie napika chakula cha mafundi ujenzi, saiti mbili. Gari yangu ina wiki tatu imelala. Juzi sufuria la maharage limemwagika kwenye bodaboda, saiti moja wameniambia basi. Ikienda na ya pili wanangu watakula nini? Nimetoka Temeke asubuhi, nimekaa kwenye jua hili, nimesubiri muda wako upite."

"Na hajaniongezea hata shilingi," alisema Ami Saleh. "Kwa haki ni yake. Ila wewe ndo ulikuwa wa kwanza, na nyie wote wa grupu moja. Malizaneni wenyewe, mie naenda kuswali." Akachukua kandambili zake za kutawadhia akaondoka.

Tukabaki wawili na ile giaboksi. Pengine ilikuwa ya mwisho mjini. Kama zipo nyingine, hakuna aliyekuwa anajua ziliko. Niliona wazi kwamba yule dada ana haki na mimi sina. Niliona pia Jumatatu asubuhi, konda akinishika kwapani.

Biashara zangu zote nazifanyia dirishani. Muuzaji huja kwangu, hanijui nilivyo, tunaongea bei tunaachana. Siku ile nilifungua mlango. Niliyatoa magongo kiti cha nyuma, nikashuka polepole kuliko ninavyoshukaga. Gongo moja liliponiteleza sikulidaka, ingawa ningeweza. Nikainama kulitafuta mpaka Zuhura akakimbia kuniokotea.

"Bila gari hili nabebwa, dada yangu," nikamwambia. "Shuleni nabebwa, kanisani nabebwa." Sauti niliyoitoa sikujua nilikuwa nimeihifadhi wapi. Ilikuwa ndogo na nyonge, sauti ya mtu anayekaa nje ya msikiti siku ya Ijumaa. Kila nililosema lilikuwa kweli, na nilikuwa najua hasa ninachofanya.

Zuhura aliitazama miguu yangu, akatazama vile vyuma kwenye usukani. Akafikicha unga kwenye kucha zake.

"Kwenye grupu hujawahi kusema," alisema.

"Sipendi kusema."

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia dada, ichukue wewe. Sikusema.

"Haya, chukua ticha," akasema. "Mie nina miguu."

Ami Saleh aliporudi nilimlipa, naye hakuuliza kitu. Watu wake wawili wakaipakia giaboksi nyuma ya viti. Ilibaki kutoka kwenye uchochoro, na sikuweza kugeuza. Wale watu wawili wakaja mbele ya gari, wakaweka mikono kwenye boneti. Zuhura akazungusha mtandio wake kiunoni, akasimama katikati yao.

Kwa kawaida anayesukumwa haoni anayemsukuma, kwa sababu gari husukumwa kutoka nyuma. Mimi nilisukumwa kinyumenyume. Uchochoro wote ule, mita sitini au zaidi, uso wa Zuhura ulikuwa mbele ya kioo changu, umbali wa boneti tu kutoka kwangu, umekunjamana kwa nguvu, jasho linamwingia machoni. Ilinipasa nitazame vioo vya pembeni nisigonge ukuta, na nilishukuru kuwa na sababu ya kutazama kwingine.

Tulipofika barabarani nilivuta chuma, gari likaenda. Niliogopa kulisimamisha lisije likagoma. Nilipunga mkono tu. Kwenye kioo nilimwona amesimama ukingoni, anafuta uso kwa mtandio, anatafuta bodaboda.

Saa saba na nusu, Temeke. Gari lilifika uani kwa Kobelo likitoa moshi, likazimika lenyewe mbele ya miguu yake. Alifanya kazi mpaka jua likapoa. Alipomaliza aliniambia niingize gia ya nyuma, na gari likarudi taratibu, bila kishindo. Nilitokwa na machozi, nikasingizia moshi.

"Itunze," alisema Kobelo akijifuta mikono. "Ukiiua hii, ticha, hakuna nyingine. Wenzetu wameshahamia kwenye umeme. Na hayo ya umeme nayo yakianza kuzeeka, nitayatoboa hivyohivyo."

Saa moja jioni, Madale. Nilipandisha kilima bila wasiwasi, nikageuza, nikaingia getini kwa gia ya nyuma huku majirani wakinishangilia. Eda alicheka kama siku ya harusi. Tulipokaa mezani nilimsimulia safari yote, na mambo ya uchochoroni pia sikumficha. Nilitegemea anipe pole, au aniambie kwamba kila mtu angefanya vile.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Huyo dada alisema anatoka wapi?"

"Temeke."

"Na wewe ukatoka pale ukaenda wapi?"

"Temeke hiyohiyo."

"Gari lilikuwa na nafasi?"

"Viti vitatu," nikasema.

Nawaapia, wazo la kumpa lifti halikunijia kabisa. Lingenijia nikalikataa ningeelewa, lakini halikunijia. Nilichojifunza kwenye safari hii ni hicho, na si kizuri. Maisha yangu yote nimewahesabu watu walionibeba, mmoja mmoja, kwa uchungu, na miaka hii yote niliyokuwa na gari sikuwahi kujiona kama mtu anayeweza kumbeba mwenzake.

Eda alikusanya vyombo akaenda navyo jikoni. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.