Nilipanda Cheo kwa Siri ya Mama

Admin, jina langu lifiche kabisa, Tanga ni ndogo.

Nina miaka arobaini na mbili, naishi na mama yangu. Mwaka wa tatu sasa niko kwenye jukwaa la hadithi mtandaoni, natumia jina la kubuni. Kule kila mtu ana cheo pembeni ya jina lake. Ukijiunga ni Mgeni, ukifikisha hadithi kumi unakuwa Mwandishi. Mkongwe huwi mpaka uandike kisa cha kweli na wanachama wakipigie kura. Hadithi za Wakongwe hukaa juu, zetu huzama hata hazijasomwa. Cheo hicho nilikitaka mpaka aibu.

Ramadhani iliyopita, tukichagua mchele, mama alinieleza jambo. Nilizaliwa huko Mkinga wakati wa shida, sabuni haionekani dukani. Jirani mwenye duka alimwambia hana, na mama alijua anayo, kaificha. Alikoificha sipataji hapa, nimeshakoma. Kwa hasira za uzazi mama akaenda kwa balozi wa nyumba kumi, akasema. Yule baba mwenye duka alikamatwa kwa kuficha bidhaa, akarudi mgonjwa, hakumaliza mwaka. Mjane wake mpaka leo ni shoga mkubwa wa mama, na hajui.

"Mwanangu, nimekwambia wewe tu," alisema mama. "Hili likitoka, uso wangu nitauficha wapi?"

Nikaliandika. Majina nilibadilisha, lakini mahali ilipofichwa sabuni nilipaacha, maana ndipo palipowaliza watu. Kura zikamiminika. Nikawa Mkongwe, nikafurahi kama mjinga.

Wiki iliyopita Mgeni mmoja aliandika chini ya kisa, mbele ya wote: "Asalaam aleykum dada. Baba yangu alikamatwa kwa sabuni, na ilifichwa hapo hapo ulipopataja. Sitaki ugomvi. Niambie tu, ni kweli au umetunga?"

Picha yake naijua. Ni binti wa yule mjane, tumekua pamoja.

Nikisema kweli, nimemmaliza mama. Nikisema nimetunga, nimemdanganya yatima, na sheria ya jukwaa ni kwamba kisa cha kweli kikigundulika ni cha kutunga, unarudishwa Mgeni na hadithi zako zote zinafutwa. Kila siku naandika "nimetunga", halafu nafuta. Nitawadanganya nikisema nafuta kwa ajili ya haki ya yatima. Nakionea uchungu cheo.

Jana binti huyo alikuja kumuona mama. Akamsugua miguu kwa mafuta, akaniuliza mbona nimekonda.

Ndugu zangu, nishaurini nimjibu nini, maana kesho anakuja tena.