Arobaini Kabla ya Sahihi

Mpangaji wetu wa chumba cha juu, mwanafunzi kutoka Tanga, alikuwa na mimba ya miezi minane aliponiambia kwamba hataweza kulea. Alikuwa amesoma kwenye mtandao kwamba mama anaweza kumwacha mtoto hospitalini bila kutaja jina.

"Hiyo ni Marekani, mwanangu," nilimwambia kesho yake. "Hapa Uingereza ukimwacha ukaondoka, ni kosa la jinai."

"Umejuaje, shangazi?"

"Nimekwenda maktaba."

"Wewe na maktaba yako!" Akacheka, mara ya kwanza wiki ile.

Nikamsomea nilichonakili. Kule mzazi anamkabidhi mtoto na kwenda zake, haulizwi kitu. Hapa njia ni kumtoa mtoto aasiliwe, na ridhaa ya mama haihesabiki mpaka mtoto atimize wiki sita. Nikapiga hesabu: siku arobaini na mbili. Ni arobaini yetu, na siku mbili za ziada.

Basi alipojifungua tulimkalisha arobaini papa hapa mtaani kwetu, Bordesley Green. Nilimkanda kwa maji ya moto, nikampikia uji wa pilipili manga. Nakiri nilidhani kwamba akitunzwa vizuri atabadili nia. Nilikosea: alipopata nguvu, uamuzi wake nao ulipata nguvu.

Wiki ya saba alitia sahihi. Kisha akamweleza ofisa wa ustawi wa jamii aliyekuja kumchukua mtoto kwamba mtoto huyu halali mpaka asuguliwe mgongo, tena polepole. Akamtaka ofisa huyo ajaribu mbele yetu, akamsahihisha mkono, akangoja hadi mtoto aliposinzia.