Baba Alingoja Kando ya Pamba

Nakumbuka mchana mmoja wa msimu wa pamba, baba yetu aliporudi kutoka vita vya Kagera. Lori lilimshusha njia panda ya Bugarama, akatembea hadi nyumbani, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Mama aliweka ungo chini, akasimama tu. Mdogo wangu Kabula akakimbilia nyuma ya mama. Baba alikuwa ameondoka Kabula akiwa bado tumboni, akabakizwa Uganda na wenzake hata baada ya vita, na sasa mtoto alikuwa amepita miaka miwili.

Mwanangu, wanasema damu ni nzito kuliko maji. Ni kweli, lakini damu haimwambii mtoto kwamba huyu ndiye baba yako. Baba akinyoosha mkono, Kabula analia. Akiingia ndani, Kabula anatoka. Siku moja alimwuliza mama, "Huyu mgeni anaondoka lini?"

Mama alicheka, baba naye akacheka. Mimi niliyekaa karibu na baba nilimwona akiinama kufunga upya kamba za viatu zilizokuwa zimefungwa.

Tulikuwa tukichambua pamba uani, safi huku, yenye madoa kule. Baba akavuta kigoda kando ya lundo, akachambua nasi. Hakuwa mtu wa hadithi za vita. Majirani wakimwuliza, yeye aliwauliza habari za ng'ombe. Lakini kila alasiri aliweka mchembe mmoja, kile kipande cha kiazi kitamu kilichokaushwa, mbali kidogo na mguu wake, akaendelea na kazi bila kutazama. Kabula alinyemelea, akauchukua, akakimbia. Kesho yake baba aliuweka karibu zaidi.

Mimi nikaona baba anachelewa kumpata. Nikamvuta Kabula mkono mpaka mbele yake. "Mwamkie baba. Sema shikamoo." Mtoto akapiga kelele, akaning'ata.

Baba hakunifokea. "Ng'wanone," aliniambia, yaani mwanangu, kwa maana jambo la moyoni alilianza kwa Kisukuma. "Mwachie. Nilikotoka nimeona watu wengi wakisukumwa. Hapa kwangu asisukumwe mtu."

"Na asipokuja?"

"Nitakuwa nimekaa na pamba yangu."

Basi tukakaa. Nikizikumbuka siku zile naona weupe tu: pamba uani, mawingu yasiyo na mvua, na baba katikati kama mtu anayeota. Alasiri moja Kabula alipitiwa na usingizi juu ya lundo. Alipoamka hakumtafuta mama. Alijiburuta, pamba imemjaa nyweleni, akaegemea goti la baba. "Mchembe wangu uko wapi?" Baba akaendelea kuchambua kwa mkono mmoja. Ule mwingine uliokuwa gotini, alioulalia mtoto, hakuthubutu kuusogeza.

Mwaka huu tumemzika. Mwishoni alitusahau sote, hata akamwita Kabula mgeni. Ndugu walimwinamia wakipaza sauti, "Baba, huyu ni Kabula!" Kabula akawaomba waache. Alivuta kigoda, akaweka mchembe ukingoni mwa kitanda, akaanza kushona nguo yake. Baba aliutazama kwa muda mrefu, kisha akausogeza taratibu upande wake. "Kula wewe, ng'wanone."

Kuzaa si kazi, mwanangu, kazi ni kulea, na sehemu kubwa ya kulea ni kungoja. Anayerudi kutoka mbali, au anayekwenda mbali huku amelala mbele yako, usimvute mkono. Kaa karibu, fanya kazi yako, weka chakula mahali anapoweza kukifikia. Mungu akupe moyo wa kungoja, na siku yako ikifika, akupe watu wasiochoka kukungoja.