Kitako cha Kiondo Kilichopotelea Kiamaiko

Nakiri: kiondo nilichompa mama yangu alipokuja kunihudumia nilipojifungua Mueni sikukisuka mimi. Nilikinunua soko la Muthurwa. Nimekana jambo hili kwa zaidi ya miaka ishirini, huku mama akikibeba kanisani na matangani akitangaza, "Kasuka msomi wangu." Sasa Mueni anaolewa, na mama amewaahidi wakwe kwamba Jumamosi nitaanza kiondo cha bibi harusi mbele yao. Ijumaa asubuhi nikatoka Buruburu kwenda kujifunza ninachokijua.

Saa mbili, Muthurwa. Muuza viondo alinisikiliza, akanielekeza kwa msusi wake, Mama Kalondu. "Usione haya," akasema. "Huwa mnakuja wengi."

Saa nne, Baba Dogo. Mama Kalondu alikuwa amekaa mlangoni, akisokota katani kwa kiganja juu ya paja. Akaniamuru nipandishe sketi nami nisokote. Mara akamwita jirani.

"Njoo uone! Anajiita msusi, na paja lina nywele kama la mbuzi!"

"Nywele zinahusu nini?"

"Kamba ikisokotwa hunyoa paja, mwalimu. Tazama langu."

Paja lake liling'aa kama kijiko. Langu liliwaka moto, na digrii zangu mbili za ualimu zikasokota kitu kama mjusi aliyekanyagwa. Lakini kufikia saa tisa nilikuwa na kitako cha kiondo, kikubwa kama kifuniko cha soda. Nikamkumbatia Mama Kalondu, jirani, na mtu aliyekuja kusoma mita ya maji.

Saa kumi, Kiamaiko. Nilipita soko la mbuzi nikiwa nimeinua kitako changu kama kombe. Beberu mmoja akakidaka. Nikavuta, akavuta.

"Mathe, mwachilie," mwenye mbuzi akasema. "Ashameza."

"Nimekisuka kwa saa tano!"

"Na yeye hajamaliza dakika. Ako na speed."

Nilicheka mpaka nikakalia ndoo ya mtu.

Saa kumi na mbili, nyumbani, mikono mitupu, nilimpigia mama. Nilikusudia kuanza na mbuzi, ukweli ukanitoka kwanza.

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Nani alikukanda kwa maji moto? Hilo paja nililiona."

"Sasa mbona uliwaahidi wakwe?"

"Nilitaka kuona utasema lini. Umekawia, mwanangu. Kesho nitaanza mimi. Wewe vaa sketi ndefu."