Mama Amesema

Nimeandika vichekesho karibu maisha yangu yote ya utu uzima, kwanza vya jukwaani, baadaye vya televisheni, na bado sijakutana na mtu Machakos anayeamini kwamba hiyo ni kazi. "Unafanya kazi gani?" Naandika michezo. "Sawa, lakini kazi?" Basi namwambia nafundisha Kiswahili shule ya upili, uso wake unatulia, na mazungumzo yanaendelea vizuri.

Miaka ya tisini hukuweza kuchekesha watu bila kibali. Ulipeleka mchezo wako mzima katika ofisi ya DC, na ofisa mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi aliusoma mbele yako. Huyo bwana alikuwa mhariri wangu wa kwanza. Alicheka hadi akatoa leso kufuta machozi, kisha akachukua kalamu nyekundu na kukata kila mahali alipochekea. Kilichobaki kiliruhusiwa kuonyeshwa kwa umma, kwa kuwa hakingeweza kumchekesha mtu. Nikajifunza kumwandikia vichekesho vyake mwenyewe, vya kuku na walevi, avikate ashibe, aache vyangu. Chuo kikuu hakikunifundisha ufundi wowote uliozidi huo.

Kisha nikaoa Kangundo.

Kwetu Ukambani kuna kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima iliyochanganyika na aibu kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Hamketi pamoja, hamtazamani, hamtajani majina, na mkionana kwa mbali njiani mmoja wenu huingia kichakani kana kwamba ameitwa huko. Vijana wa mjini walikuwa wameanza kuiacha, wakiwasalimu wakwe zao kwa mkono mithili ya wagombea ubunge. Mama mkwe wangu hakutaka kusikia habari hizo. Kwa miaka yote ya mwanzo nilichokijua juu yake ni mwavuli mweusi ukiingia kwenye mibuni.

Kwa hiyo mke wangu ndiye aliyekuwa posta yetu. Alikwenda kwao mara kwa mara na kurudi na ujumbe, na ujumbe wenyewe haukuwa wa kawaida. "Mama amesema nyumba yenye vitabu vingi na sufuria moja, siku ya njaa mtachemsha kurasa." "Mama amesema mwanamume anayecheka kabla hajamaliza mzaha wake anajua hakuna mwingine atakayecheka." Nilipompelekea blanketi, jibu lilikuja baada ya wiki: "Mama amesema inawasha. Alimtandikia mbuzi, mbuzi akalala nje."

Sasa wewe niambie, ni mwandishi gani angeacha utajiri kama huo upotee? Niliandika mchezo. Mama mkwe ambaye haonekani na mkwewe, lakini anaitawala nyumba yake kutoka mlima wa pili. Mama mkwe nilimpa maneno yote matamu. Mkwe niliigiza mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa na kipaji, na pia kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Mke nilimweka katikati, aingie na kapu, aseme "Mama amesema" au "Mume wangu amesema", atoke.

Tulipouonyesha Machakos mjini, watu walicheka hadi wakaegemeana. Mke wangu aliketi mstari wa mbele, mikono kifuani, akiangalia jukwaa kama mtu anayesubiri gari lililochelewa. Asubuhi alifunga nguo zake na akaniambia, "Mama amesema nikae naye kidogo."

"Kidogo mpaka lini?"

"Mpaka ujue umekosea wapi."

Nikaelewa mara moja, kwa kuwa mimi ni mtu wa akili nyingi: mama mkwe ameudhika. Nimemvua nguo mbele ya watu. Nilimtaka mke wangu arudi, nilimtaka sana, hata chai niliyojipikia ilikuwa na ladha ya adhabu, na njia ya kumrudisha ilipita kwa mwanamke ambaye siruhusiwi hata kumwona.

Nilimtuma shemeji, mdogo wa mke wangu, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani Athi River na kwenda kwao mwisho wa mwezi. Akarudi. "Mama anauliza tu kama uko mzima."

"Alisema hivyo kwa sauti gani?"

"Sauti ya mama. Alikuwa anachambua maharagwe."

Niliwapelekea wazee wa upande wetu maneno hayo, wakayapima. Mmoja wao, baba yangu mdogo, alitikisa kichwa. "Mama mkwe akiuliza kama uko mzima, ujue amegundua kwamba bado u mzima." Wakashauri mbuzi. Wazee wetu hushauri mbuzi kwa kila jambo, na huwa karibu anapochinjwa. Mbuzi akaenda Kangundo, akapokelewa kwa shukrani, na mke wangu akabaki huko huko pamoja na mbuzi.

Nitoke kidogo hapa, niseme la Nairobi. Miaka kadhaa baadaye, mchezo huo uliponifikisha kwenye televisheni, mtayarishaji mmoja aliyesomea filamu ng'ambo na kurudi na kofia aliniambia hadithi ni nzuri ila ina kasoro ndogo: mkwe na mama mkwe hawakutani. Akapendekeza nimhamishie mama mkwe sebuleni. Pia aliomba Wakamba wangu waongee "Kikamba zaidi", yaani Kiswahili ambacho hakuna Mkamba aliyewahi kukisema isipokuwa kwenye televisheni. Nilimkumbuka ofisa wa DC kwa mapenzi. Yeye angalau alikuwa akicheka.

Basi nikaamua kwamba kama mama mkwe ameudhishwa na mchezo, aone mchezo wenyewe, si uvumi. Niliupeleka Kangundo, katika ukumbi ulio karibu na soko, Jumamosi mchana. Lakini hapo nthoni ikasimama mlangoni. Mimi ndiye niliyekuwa mkwe jukwaani. Nikitokea, yeye lazima atoke. Akiketi, mimi siwezi kutokea. Wazee wa pande zote mbili waliketi na kujadili kwa uzito mkubwa kama nthoni inapenya kitambaa. Uamuzi ukawa kwamba haipenyi, mradi kitambaa kiwe kizito. Tuliazima pazia la kijani la kanisa, tukalitundika pembeni mwa jukwaa, na mimi nikasema maneno yangu yote nikiwa nyuma yake.

Kangundo walidhani ndivyo mchezo ulivyoandikwa. Walishangilia hata kabla sijakohoa. Mimi, kwa upande wangu, nilitega sikio. Ukumbi ulipocheka nilijaribu kuchambua kicheko kimoja kimoja, nimpate yeye, nijue kama nimesamehewa. Ndipo nikatambua kwamba sijawahi kumsikia akicheka. Ningemjuaje? Niliumia, tena si kidogo, nikiwa nimeshika pindo la pazia lenye harufu ya ubani.

Tukafika kwenye blanketi. Mwigizaji wangu aliyeigiza mke aliingia na kapu, akasema, "Mama amesema inawasha. Alimtandikia mbuzi, mbuzi akalala nje." Ukumbi ukalipuka. Kicheko kilipopungua, sauti ya mwanamke mzima ikatoka katikati ya watu.

"Wewe wa nyuma ya pazia."

Vikasikika vicheko vichache. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo.

"Naam, mama," nikasema. Hilo ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia mama mkwe wangu.

"Hiyo blanketi mimi nalalia kila siku. Iko na joto mzuri. Ni fupi kidogo, lakini wewe utajua aje urefu yangu? Mbuzi imetoka wapi?"

Ukumbi ulipiga makofi. Nikajitetea. "Mama, si niliambiwa umesema?"

"Nani alisema? Na hii ya kuchemsha kurasa, nani alisema?"

"Wewe, mama."

"Mimi!" Akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kizito, cha mtu asiyecheka ovyo. "Mimi tangu umuoe mtoto wangu nakutumia neno moja. Nasema, msalimie. Basi. Hayo mengine yote anatunga huyu hapa."

Nikasikia benchi likilia, nikajua amemgusa bega mke wangu aliyeketi kando yake.

"Ni yeye ako na hayo maneno toka akiwa mdogo. Mimi sina. Sasa wewe umeyachukua yote ukanipatia mimi, na yeye umempatia nini? Kapu."

Watu walicheka wakakanyaga sakafu. Kwao hiyo ndiyo sehemu bora ya mchezo, na waliorudia kuisimulia sokoni waliniambia kwamba nimekomaa kiuandishi. Mimi nilikuwa nikipitisha kichwani, mstari baada ya mstari, kila kitu nilichosifiwa Machakos. Sufuria moja. Mzaha usiomalizika. Mbuzi. Nilikuwa nimeyasikiliza jikoni mwangu miaka yote hiyo, kutoka kwa mwanamke aliyesimama mbele yangu, nikitazama juu ya kichwa chake kuelekea Kangundo.

"Haya, amka useme," mama mkwe akamwambia. "Wanakungoja."

Nilitaka kulivuta pazia nimwone, na sikuweza, kwa kuwa mama yake alikuwa pale.

"Hapa sina neno," mke wangu akasema taratibu. "Nitasema tukifika nyumbani."

Ukumbi mzima ulicheka isipokuwa mimi.