Raba Iliyovimba

Kwa miaka sita pikapu ile ilikaa nyuma ya zizi la ng'ombe, imefunikwa turubai, na kwa miaka hiyo hiyo sita mdogo wangu aliitwa mlevi. Alikuwa akiteremsha nayo majani ya chai kutoka kwangu, upande wa juu wa Boito, kwenda kituo cha kununulia. Kwenye kona ya mteremko akashindwa kusimama, akaingia katika chai ya jirani na kugonga mkaratusi. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Kabla hata hajatolewa ndani ya gari, mtu alikwisha kusema kwamba ananuka pombe ya busaa. Kufikia jioni, hata wasiokuwapo walikuwa wameinusa.

Hospitalini aliniambia maneno mawili tu: "Breki zilikataa."

Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mpima ardhi. Nimeona mashamba yakimegwa kwa sababu ya neno "wanasema," na mtu akiniletea habari, humwuliza kwanza kama alikuwapo. Siku ile sikumwuliza yeyote. Nilikuwa na hakika breki zilikuwa nzima, kwa kuwa siku tano kabla ya ajali nilikuwa nimeziongezea mafuta kwa mkono wangu mwenyewe. Kama breki ni nzima, basi dereva ndiye mbovu. Kanisa lilimvua cheo chake cha mzee wa kanisa. Niliketi katika kikao kilichomvua, nikanyamaza.

Mwaka huu niliamua kuifufua pikapu hiyo nyumbani, bila fundi, kwa kuwa nina wakati na sipendi kuambiwa kilichoharibika katika mali yangu. Panya walikuwa wamezaa ndani ya kiti. Injini ilinichukua wiki mbili. Kisha nikafika kwenye breki.

Nilipoifungua silinda kuu, raba yake haikukubali kutoka. Ilinibidi niivute kwa waya uliopinda. Ilikuwa laini na imevimba kama haragwe lililolowekwa. Niliiweka kando ya mpya nikazipima: ya zamani ilikuwa imezidi kwa milimita mbili. Raba iliyovimba hivyo hukwama, na breki hazishiki. Katika kikopo cha mafuta, juu ya mafuta ya breki, palielea tabaka jingine la rangi ya samawati. Nililinusa. Harufu hiyo niliijua: ni mafuta tunayochanganya na petroli kwa ajili ya mashine ya kuchumia chai.

Mke wangu alikuwa barazani akichambua mboga. Nikamwuliza mafuta ya mashine yaliingiaje kwenye breki.

"Si ni ile chupa," akasema, bila kuinua macho.

"Chupa gani?"

"Ya mafuta ya breki. Ilipoisha ulinipa niende nayo dukani nikapimiwe mafuta ya mashine. Ukasema chupa nzuri haitupwi."

Kwetu ndivyo yanavyonunuliwa. Muuza duka huyapima kutoka kwenye pipa, na kila mtu huenda na chupa aliyonayo, ya soda au ya dawa ya kikohozi. Hakuna anayejisumbua kubandua karatasi. Asubuhi ile ya siku tano kabla ya ajali nilikuwa nimeichukua chupa rafuni, nikasoma maandishi yake, nikamimina. Sikunusa. Nilisadiki karatasi kama wengine wanavyosadiki jirani.

Hata hivyo, sikutaka kujihukumu kwa kumbukumbu ya mtu, hata awe mke wangu. Nilichukua raba mbili mpya, nikatia moja katika gilasi ya mafuta ya breki na nyingine katika gilasi ya mafuta ya mashine, nikaziweka dirishani palipo na jua. Kila asubuhi nilizitoa nikazipima.

"Unapima nini kila siku, mzee?" mke wangu akaniuliza siku ya pili. "Si unajua?"

"Sijui bado."

"Unajua. Unatafuta njia ya kutojua."

Siku ya tatu, raba iliyokuwa katika mafuta ya mashine haikuingia tena ndani ya silinda.

Niliosha mabomba yote, nikafunga raba nyingine mpya, nikamwita mdogo wangu. Kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu wawili: mmoja hukanyaga pedali, mwingine hulala chini na kufungua skrubu. Alikuja na mkongojo wake. Alisimama mbele ya mlango wa pikapu kwa muda, ndipo akapanda. Nikaingia chini.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia." Nikafungua, mafuta yakatoka na mapovu, nikafunga. "Achilia."

Kwenye gurudumu la tatu nilimwambia. Nilimwambia nikiwa chini, uso wangu ukiwa kwenye chuma, kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kumwambia nikiwa nimesimama. Mguu wake haukutoka kwenye pedali.

"Toka huko," akasema hatimaye. "Uniambie nikikuona."

Nikatoka, nikarudia yote.

"Na kwenye kikao ulikuwa unajua umeongeza mafuta?"

"Nilijua. Sikujua ni mafuta gani."

"Na hukuangalia."

"Sikuangalia."

"Wewe! Wewe wa kuuliza kila mtu alikuwa wapi!" Alicheka mara moja, kicheko kikavu. "Unajua nilifika mahali nikaanza kujiuliza kama kweli nilikunywa? Mimi, ambaye sijaonja busaa tangu nibatizwe."

Nikaanza kumwomba msamaha. Akanizuia kwa mkono.

"Mimi usiniambie kitu. Mimi najua tangu siku ile. Enda uwaambie kituoni."

Siku iliyofuata ya kupeleka majani nilikwenda kituoni kwa pikapu, raba zile mbili za gilasini zikiwa mfukoni. Wakulima walikuwa wamepanga magunia wakisubiri mizani. Nilipozitoa, mmoja akapaza sauti, "Boiyot, mzee wetu, siku hizi unauza spea?" Watu wakacheka. Niliwaacha wamalize, kisha nikawaeleza: chupa, mafuta, siku tano, kikao.

"Na ile harufu?" akauliza mwanamume mmoja.

"Uliinusa wewe?"

"Niliambiwa."

"Na nani?"

Akamtazama mwenzake, mwenzake akatazama mizani. Ningeweza kuendelea, mtu baada ya mtu, maana kazi hiyo naijua. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyemimina mafuta yale. Nikasema, "Mliambiwa vibaya, nami niliyeweza kuangalia sikuangalia. Kosa ni langu, na Jumapili nitalisema kanisani."

Mdogo wangu alikuwa amesimama kando ya nguzo, gunia lake tupu limekunjwa kwapani. Nilimfungulia mlango wa pikapu.

"Hapana," akasema. "Leo natembea. Wacha wanione."

Akapita katikati yao na mkongojo wake, akishika njia ya kupanda, nao wakampisha.